Simu ya Mama Kusini mwa Rejaf

Nilitoka Juba kwa sababu ya ujumbe mmoja. Uliingia Alhamisi asubuhi kutoka namba ya mama: "Damu haikatiki. Tuma gari."

Mama alirudi kutoka Kitale, Kenya, mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, akaenda kulima kwao, kusini mwa Rejaf. Mimi nilibaki Juba, mtaa wa Nyakuron, muuguzi wa wodi ya wazazi. Kijijini kwake hakuna mtandao, lakini kila Jumapili alitembea hadi Rejaf kusali, na baada ya ibada akanipigia. Vita vilipoanza, akanyamaza wiki sita. Hamu ya sauti yake ilinizidi hata nikawachukia watu wanaocheka na simu sokoni.

Niliposoma ujumbe nilipiga, simu haikushika.

Saa tatu. Hakuna dereva wa gari aliyekubali kupita vizuizi vya wanajeshi. Nilibeba dawa, nikapanda bodaboda ya Okello, Mganda wa soko la Jebel mwenye mdomo kuliko honi yake.

Rejaf. Alisimama kando ya njia. "Madam, piga sasa. Netiweki iko naisha hapa. Mbele hakuna kitu."

Nilipiga. Simu ya mama ikaita ndani ya karai la mwuza samaki mmoja, hatua chache kutoka kwetu!

"Hii ni simu ya zahanati," mwuza samaki akasema. "Sista anaandika kule, mimi naileta hapa, ujumbe unaenda. Sasa nangoja majibu, netiweki inakuja na kwenda."

"Mgonjwa ni nani?"

"Sijui, dada. Sista aliandika Jumatatu. Njia ilikuwa imefungwa mpaka leo."

Jumatatu! Nilimsihi Okello aongeze mwendo.

Adhuhuri, kijijini. Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa zahanati, mzima, amepakata mtoto mchanga. Nilimkumbatia huku nikicheka na kulia.

"Nilidhani ni wewe, mama!"

"Ni Poni, jirani yangu," akasema. "Alijifungua, damu ikakataa kukatika. Tulimzika jana. Huyu ndiye wake."

Nami bado nilikuwa nikitabasamu. Aibu ile sijaimaliza.

Nilimkabidhi sista dawa zote, kisha nikamuuliza mama kwa nini aligawa simu niliyomnunulia tuongee.

"Nilikuwa na hamu nawe kila siku," akajibu. "Lakini hamu haiui, mwanangu. Ona Poni."

Saa kumi nilianza safari ya kurudi Juba. Mama alinisindikiza hadi njiani, mtoto begani.

Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa anaweza kuwa umbali wa asubuhi moja tu, na kilio chake kikachukua siku tatu kufika. Siku hizi sipigi namba ile kwa hamu, betri yake isiishe bure. Ikiita, natoka wodini mbio. "Mgonjwa ni nani?" nauliza kwanza. Na kabla sijajibiwa, natega sikio, labda nyuma ya mwuza samaki nitamsikia mama.