Katibu, Upinde na Mkono Wangu

Mguu wangu wa kushoto uliondolewa na dereva wa lori la mboga. Madaktari walimalizia tu. Sisi tuliokaa juu ya matenga tulimwambia breki zinanuka, akajibu, "Zinanuka kila siku," akateremka nalo kutoka Mgeta mpaka kona ikamshinda. Leo anaendesha lori jingine. Namtaja mapema ili mtu asije akaniambia ile ilikuwa kazi ya Mungu. Mungu hakushika usukani.

Wa pili wa kumtaja ni katibu wa kikundi chetu cha walemavu hapa Morogoro mjini. Huyu hakunikata kitu, ila alitaka kuninyang'anya kimoja nilichokuja kukipata baadaye: upinde.

Kikundini tunajifunza mchezo wa kulenga shabaha kwa mishale, na pinde zetu ni za msaada. Zinakaa kwenye begi zikiwa vipande: mpini wa chuma wa kushika, mabawa mawili ya kufunga juu na chini kwa skrubu nene, na uzi. Katibu ndiye alikuwa anatufungia. Wiki tatu nilipiga nikiwa nimekaa kwenye stuli, na wiki tatu uzi ulinichapa mkono mpaka ukavimba. Mishale ikaishia kwenye nyasi. Akasema mbele ya wenzangu:

"Mama, mkono wako hauna nguvu. Jumamosi mwalimu akija, ukikosa tena, upinde anapewa mwingine. Usije ukalia."

"Nani kakwambia nalia?"

"Nakuandaa tu, mama."

Mwalimu ni mwanajeshi mstaafu. Jumamosi hiyo alikuwa anachagua wanne wa kwenda kushindana Dar. Unapewa mishale sita, minne iingie kwenye duara jekundu. Tangu lori lile, watu walikuwa wananipisha tu kwenye foleni, kunichagua, hakuna. Niliitaka nafasi ile kuliko chakula.

Ijumaa asubuhi nikaenda na begi chumbani kwangu. Nimeishia darasa la nne, lakini picha nasoma, na mfukoni mwa begi kulikuwa na karatasi ya picha. Mtu amekanyaga kamba katikati. Ncha mbili za kamba zina vifuko vya ngozi vilivyovishwa kwenye ncha za upinde. Anainua mpini, mabawa yanapinda, uzi unaingia bila shida. Kamba yenye vifuko! Nilikuwa naiona kila siku. Katibu alikuwa anaitumia kufungia magunia ya shabaha kwenye baiskeli yake. Upinde alikuwa anaupitishia mguu na kuukunja kwa paja, kama upinde wa mti wa kuwindia ndege. Mti unavumilia. Bawa jembamba vile linaweza kujipinda likaharibika.

Nikamfuata. "Naomba ile kamba."

"Ya nini, mama? Na mguu mmoja?"

"Kukanyaga kunataka mguu mmoja."

Akanipa huku anacheka.

Nikafungua kila kitu, nikaanza upya. Bawa lenye maandishi ya uzito linakaa chini. Yeye alilifunga juu. Kitanzi kikubwa cha uzi kinakaa juu, kidogo chini. Nikakaa kitandani, nikakanyaga kamba, nikainua. Uzi ukaingia. Nikafumba jicho moja nikautazama: umepita katikati ya mabawa yote mawili, kwa hiyo hakuna lililojipinda upande. Nikapima kwa tepu ya fundi cherehani kutoka kwenye uzi hadi kwenye mpini. Picha inataka inchi nane na nusu. Wangu ulikuwa na saba. Uzi umekaa karibu na mkono namna ile, utaacha kunichapa?

Hapo sikuhitaji karatasi tena. Mgeta nimefunga matenga ya nyanya miaka mingi. Kamba ikilegea huikati. Unaisokota, inafupika, tenga linatulia. Nikauvua uzi, nikausokota mara kumi, nikauvalisha, nikapima. Bado. Kumi tena. Mara ya nne tepu ikasoma nane na nusu.

Jumamosi nikamwamkia mwalimu. "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mkono dhaifu?"

"Ndivyo ulivyoambiwa."

Mshale wa kwanza ukaenda mkia ukipanda na kushuka kama unaogelea, ukakosa. Katibu akaguna. Lakini uzi haukunichapa, na hilo ndilo nililoshika. Nikaangalia alama ya nyuzi niliyofunga jana kwenye uzi, pale mshale unapokaa: iko juu mno. Nikaishusha kwa kucha. Wa pili ukanyooka, ndani. Wa tatu ndani. Wa nne niliuharakisha, nje. Wa tano ndani. Wa sita ukagusa ukingo wa duara, mwalimu akainama, akachungulia, akasema, "Ndani."

"Bahati," katibu akasema.

Mwalimu akaugeuza upinde wangu. "Nani kauvalisha huu?"

"Mimi. Na aliyekuwa anauharibu ni huyu hapa, kisha anasingizia mkono wangu."

"Mama, mbele za watu..."

"Mkono wangu ulipokuwa dhaifu, si ilikuwa mbele za watu?"

Mwalimu akaagiza pinde zote ziletwe. Mbili zilikuwa na mabawa juu chini. Nikazifungua na kuzifunga palepale, watu wamenizunguka, katibu akinishikia skrubu.

Jina langu likaingia la nne kwenye orodha. Kuandika ni kazi ya katibu. Nilisimama na magongo yangu nyuma ya mgongo wake mpaka akamaliza herufi ya mwisho.