Miguu Chini ya Madawati

Shuleni walimwita Mama Ludo, na hakuchukia. Aliyefundishwa hesabu kwa fimbo anajua hilo ni jina la heshima. Kwenye vigae vya darasa lake alichora namba kwa chaki, kila kigae na yake: sifuri katikati, chanya kuelekea dirishani, hasi kuelekea mlangoni. Ukitaka hasi mbili jumlisha tano, unasimama kwenye hasi mbili, unaruka vigae vitano kwenda dirishani. Watoto waliozoea kuumwa tumbo kila kipindi cha hesabu walipona bila daktari.

Ukaja mtihani wa mwezi. Swali lilikuwa lilelile, hasi mbili jumlisha tano; jibu ni tatu. Darasa zima likaandika mbili.

"Hata kukosa wamekosa pamoja, kama kwaya," alisema Mkuu wa shule, mtu aliyecheka mara ya mwisho akiwa na meno ya utoto. "Ijumaa nitawapima mwenyewe. Wakianguka, michezo yako inaingia stoo na darasa nampa mwingine."

Jioni nyumbani alisukuma sahani kando. Mama yake mzazi, asiyejua kubembeleza, akatandika ubao wa ludo. Akarusha dadu, ikaja tatu.

"Moja," akagonga palepale kete ilipokaa, "mbili, tatu."

"Mama! Hapo ulipo hapahesabiwi."

"Kwani nimekaa bure?"

"Ndiyo maana unafungwa kila siku."

"Nafungwa kwa sababu nimezaa mwizi wa dadu."

Mama Ludo aliitazama tena ile kete. Kumbe ni yeye! Ndiye aliyewaambia watoto, "Hesabuni vigae," nao, watiifu wa watu, wakaanza kuhesabu na kile walichokikanyaga.

Asubuhi akamsimamisha binti mmoja kwenye hasi mbili.

"Umeshatembea?"

"Bado, mwalimu."

"Sasa mbona umeshahesabu moja?"

Darasa likaangua kicheko. Wakaanza upya, wakihesabu hatua badala ya vigae, mpaka chaki ikafutika kwa soli.

Ijumaa Mkuu akawahamishia ukumbini, kwenye saruji tupu. "Mtihani mkubwa hauna sakafu ya kuchorachora," alisema. Mama Ludo akabaki mlangoni.

Karatasi zikagawiwa. Halafu chini ya madawati kukaanza mchakacho wa viatu, kulia, kushoto. Mkuu akainama. Yule binti alikuwa amefumba macho, kisigino kikisogea kidogokidogo.

"Unafanya nini?"

"Natembea, Mkuu."

"Na karatasi?"

"Nikifika nitaandika."

Mkuu akazisahihisha karatasi palepale, uso haumwambii mtu kitu. Kwenye hasi saba jumlisha nne akasita, akaangalia dari. Mama Ludo akashusha macho: chini ya meza, kiatu cheusi kilichong'arishwa kilikuwa kinasogea. Hatua moja. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Mkuu akaweka alama ya vema.

"Michezo ibaki," alisema, akirudisha mguu haraka. "Ila chaki ya sakafuni mtadeki wenyewe."