Kitindamimba Aliyeachwa kwa Watu

Adela hakuwa mtu wa kuondoka nyumbani mara moja. Kila asubuhi akitoka kwake Msamala kwenda gengeni, alirudi mara mbili kutoka kwenye kona: mara ya kwanza kuangalia kama mkaa umezimika, mara ya pili kuangalia kama kweli aliangalia. Mumewe Valence, fundi seremala, alikuwa ameshazoea. Aliuacha mlango wazi mpaka safari ya pili ipite, ndipo akarudishia komeo.

Kwa hiyo mwishoni mwa mwezi wa saba, binti yao wa pekee Oliva alipokwenda kuanza kidato cha tano kwenye shule ya bweni huko Njombe, ambako simu ni marufuku, hakusita kumwachia mama yake kitu alichokipenda kuliko nguo zake zote. Kitu chenyewe kilikuwa mnyama wa kwenye tovuti. Huwezi kumshika wala kumnusa, lakini yupo: manyoya ya buluu, masikio ya sungura, mkia mrefu kama wa ngedere. Watu wa nchi nyingi hufuga wanyama wa namna hiyo humo, wakawalisha, wakawavisha, wakawatafutia dawa wakiumwa. Oliva alimchukua huyu wake akiwa kidato cha kwanza, akampa jina la Kitindamimba, kwa sababu miaka yote alikuwa akiomba mdogo wake na Mungu hakujalia.

Kabla ya kuondoka alimwandikia mama yake maelekezo kwenye daftari, kwa herufi kubwa.

"Mama, asubuhi mpe supu ya bure. Zungusha gurudumu la bahati mara moja kwa siku. Cheza mchezo wa kudaka matunda upate punje. Punje ndiyo hela ya huko. Usinunue punje kwa hela ya kweli hata wakikubembeleza. Punje zinatafutwa."

Adela aliishia darasa la saba, lakini daftari lilisomeka. Simu nayo ilikuwa imewekwa igeuze Kiingereza cha tovuti kiwe Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kuchechemea, kama cha mgeni aliyeshuka jana, ila alikielewa. Miezi minne hakukosa hata siku moja. Aliwahi gengeni saa kumi na mbili na nusu, akapanga mafungu ya nyanya na vitunguu, akafunika dagaa wa Nyasa wasipate inzi, kisha akavuta kigoda na kumlisha mtoto.

"Shikamoo, mama Oliva," Zulfa alimsalimia kila siku kutoka kibanda cha jirani, alikokuwa akishona nguo. Zulfa alikuwa Myao wa Tunduru, na Adela Mngoni, watani wa jadi, kwa hiyo baada ya shikamoo heshima yote ilikwisha. "Ameshakunywa uji huyo panya wako?"

"Marahaba. Mwenzio si panya. Na anakula vizuri kuliko Wayao wengine ninaowajua."

Kosa lilitokea mwezi wa kumi na mbili. Kaka yake Adela, Athanasi, aliyekuwa akilima tumbaku kijijini huko Namtumbo, alikuwa na binti anayepokea komunyo ya kwanza. Shangazi mtu hawezi kukosa. Lakini kijiji hicho hakikuwa na mtandao hata upande juu ya paa, na safari ilikuwa ya Ijumaa mpaka Jumatatu. Siku nne! Nani angempa Kitindamimba supu?

Alhamisi jioni Adela alipekua tovuti nzima. Mwishowe aliona nyumba nyekundu yenye madirisha mengi. Katika kila dirisha kulikuwa na mnyama aliyechungulia, na mlangoni alisimama mama mnene aliyevaa aproni, amefungua mikono. Moyo wa Adela ukatulia. Yeye mwenyewe alilelewa miaka mitatu kwa mama yake mkubwa Maposeni. Oliva naye, kila mama yake alipougua, alilala kwa jirani. Mtoto huachwa kwa watu. Ndivyo watoto wanavyolelewa. Akabonyeza picha ya yule mama mnene. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza tena. Akashangaa jinsi watu wa humo walivyo makini kama yeye, akabonyeza ndiyo.

Komunyo ilifana. Aliimba mpaka sauti ikakauka, akala wali, akacheza ngoma na mawifi. Jumatatu saa nne asubuhi alishuka stendi Songea, akawasha simu palepale ili amchukue mtoto wake.

Kitindamimba alikuwa dirishani, masikio yamelala. Chini yake kulikuwa na maandishi mekundu. Adela aliyasoma mara tatu, kisha akaenda moja kwa moja kwa Zulfa bila hata kupitia nyumbani.

"Nisomee hapa, mtani. Macho yangu yana vumbi la njiani."

Zulfa aliweka mkasi chini, akasoma. Akamtazama Adela, akasoma tena.

"Mama Oliva, hii nyumba si ya kuachia watoto. Hii ni ya kutupia. Mtu akimchoka mnyama wake ndiyo anampeleka hapa."

"Mimi sikumchoka!"

"Najua. Lakini wao wanajuaje? Wanasema mwenye mnyama ana siku saba za kubadili mawazo. Atoe punje elfu thelathini, arudishiwe. Ikifika Alhamisi saa kumi jioni, mtu yeyote duniani anaweza kumchukua."

"Yesu na Maria."

Adela alikaa juu ya gunia la vitunguu. Oliva alikuwa anakuja likizo Jumamosi. Katika barua yake ya mwisho hakuuliza habari za baba wala za kuku. Aliuliza, "Mdogo wangu hajambo?" Na Adela alikuwa na punje elfu mbili na mia tatu tu.

"Si wanauza punje kwa hela?" Zulfa aliuliza. "Tutafute mtu mwenye kadi ya benki."

"Daftari limesema zinatafutwa."

"Daftari halikujua kama wewe utamtupa mtoto jalalani!"

Walitazamana, kisha kicheko kikawashika wote wawili, mpaka mteja wa vitunguu akaamua kujipimia mwenyewe.

Siku hiyo Adela alidaka matunda mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Jioni alikuwa ameongeza punje mia saba. Kwa mwendo huo angemkomboa Kitindamimba baada ya Krismasi. Alilala akiwaza, na Jumanne asubuhi, alipokuwa akichambua nyanya kama kawaida, ngumu huku, zilizolegea huku, mkono wake ulisimama.

Humo kwenye tovuti kulikuwa na meza ya bure, ambapo watu huweka vitu wasivyovitaka. Kutwa nzima watu hugombania nguo na vinyago. Lakini asubuhi ya Songea ni usiku kwa wengi wao, wamelala, na juu ya meza hubaki vyakula visivyotakiwa: mkate ulioumwa, tufaha lenye kibonyeo, nusu ya keki. Adela alikuwa ameviona miezi minne na kuvipita. Sasa aliviona kwa macho ya gengeni. Hayo yalikuwa masalo, kama zile nyanya laini zinazouzwa kwa bei ya chini. Na masalo yana wenyewe. Mama anayepika mchuzi leo hii hana haja ya nyanya ngumu.

Aliokota vyote. Kisha akatazama maduka ya wengine humo, maana kila mfugaji alikuwa na kiduka chake. Walikuwa wanauza kimoja kimoja! Tufaha moja bei yake, biskuti moja bei yake. Hakuna aliyejua kupanga fungu. Adela alitafuta mpaka akapata vikapu vya bure vya kuingiza vitu sita. Akaweka vitano kwa bei ya vitano, na juu akaweka cha sita, kizuri kidogo, bila malipo.

"Hicho cha juu cha nini?" Zulfa aliuliza, akichungulia begani kwake.

"Nyongeza."

"Nyongeza kwa watu ambao hata hawajakuomba? Unamkomboa mtoto au umefungua kituo cha msaada?"

"Mteja asiyeomba nyongeza anaitaka zaidi kuliko anayeomba."

Kikapu cha kwanza kilinunuliwa kabla hajamaliza kufunga kitenge. Cha pili, cha tatu. Wanunuzi walikuwa wafugaji wageni, wale ambao wanyama wao walikuwa na njaa na mifuko yao mitupu. Mkate ulioumwa ulishibisha tumbo sawasawa na mkate mzima. Mchana kukaja ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiita kwa namba na herufi zisizosomeka: "Asante kwa ziada ya juu. Mnyama wangu anacheza." Adela aliusoma kwa sauti gengeni pote, kama tangazo la kanisani.

Jumatano aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Valence alimkuta ameshafika kwenye kona, simu mkononi, hajarudi nyumbani hata mara moja kuangalia mkaa.

"Leo hurudi?"

"Leo nina biashara ya nje."

Valence alikwenda kuuangalia mkaa mwenyewe.

Alhamisi saa tisa alasiri Adela alikuwa na punje elfu ishirini na sita na mia nne. Dukani vilibaki vikapu vinane, na hata vyote vikiuzwa zingepungua punje mia nne, bei ya kikapu kimoja. Meza ya bure ilikuwa tupu. Wenyewe walikuwa wameshaamka. Wateja wa nyanya walisimama mstari, na Adela alikuwa anawapa fungu na nusu bila kujitambua.

Zulfa alikuwa ameacha mashine yake kabisa. "Sikiliza. Toa zile nyongeza nane. Tano zinatengeneza kikapu kingine. Kinatosha!"

Adela alifungua kikapu cha kwanza, akaweka kidole juu ya keki iliyokaa juu. Aliitazama. Alikumbuka yule aliyeandika kwamba mnyama wake anacheza.

"Mtu amezoea sita. Leo nimpe vitano?"

"Mama Oliva, huyo mtu hakujui! Hata ukimkuta stendi hutamtambua!"

"Yeye hanijui. Kikapu changu anakijua."

"Haya. Ngoja Mchina ampeleke Kitindamimba Uchina," Zulfa alisema, akajifunika uso kwa kipande cha kitambaa. "Ya Rabi, Wangoni."

Adela alikifunga kikapu kama kilivyokuwa. Aliingia kwenye mchezo wa kudaka matunda, kidole kinauma, akapata mia moja. Akacheza tena, themanini. Saa tisa na nusu simu ililia. Alikuwa yule wa namba na herufi. Alinunua kikapu kimoja. Kisha kimoja tena. Kisha vyote vilivyobaki, na chini akaandika: "Nimewaleta rafiki zangu wapya. Wape kama unavyonipa mimi. Kuna vingine?"

"Anauliza kama kuna vingine!" Adela alipiga kelele. "Zulfa! Kitu gani tunacho? Chochote!"

Zulfa alinyakua simu. Walipekua ghala lote la Oliva. Pale chini kabisa kulikuwa na supu za bure tano, zile ambazo Kitindamimba hakulishwa tangu awekwe ndani, maana ghala halitunzi supu zaidi ya tano. Adela alizipanga kikapuni. Zilikuwa tano tu. Akatoa kofia ndogo nyekundu aliyoipata kwenye gurudumu la bahati, ambayo alikuwa akimwekea Oliva kama zawadi, akaiweka juu kuwa ya sita.

Kiliuzwa hapohapo.

Dakika kumi na mbili kabla ya saa kumi alibonyeza picha ya mama mnene. Alikatwa punje elfu thelathini, akabakiwa na mia moja na themanini. Mlango mwekundu ukafunguka na Kitindamimba akatoka, masikio yamesimama, akaruka. Zulfa alipiga vigelegele mpaka waendesha bodaboda wa barabarani wakauliza nani kaolewa.

"Mtoto kapatikana!" aliwajibu.

"Mtoto wa nani?"

"Wa mtani wangu! Alimsahau kwa watu!"

Jumamosi Oliva alifika, amekua kimo, amekonda kidogo, mwenye sauti mpya ya bweni. Adela alichinja kuku. Alikuwa amejiapiza kutosema neno. Lakini binti hakumaliza hata kufungua begi, akaomba simu, na shingoni mwa Kitindamimba kulikuwa na kibati kidogo ambacho Adela alikuwa amekisugua kwa kidole siku mbili nzima bila kutoka.

"Mama. Hiki kibati ni cha nyumba nyekundu."

Adela aligeukia sufuria. "Nilikwenda kwenye komunyo. Nikamwacha kwa yule mama wa aproni, kama wewe nilivyokuwa nakuacha kwa jirani. Sikumtupa, mwanangu. Naapa sikumtupa."

Nyuma yake ikasikika sauti kama ya mtu anayekabwa. Adela aligeuka kwa hofu. Oliva alikuwa amelala sakafuni, anacheka machozi yanamtoka.

"Ulimwacha... kwa jirani!" Alijifuta, akatazama tena simu, na safari hii akaketi wima. "Lakini wanatoza elfu thelathini. Mimi miaka minne yote sijawahi kufikisha hata elfu kumi na tano. Umenunua kwa hela?"

"Kwenye daftari si ulikataza? Nimezitafuta."

"Kwa siku ngapi?"

"Tatu."

"Mama! Na hizi meseji zote ni za nani?"

"Wateja," Adela alisema, akijaribu kulitamka kama neno la kawaida. "Wanataka vikapu."

Oliva alimtazama mama yake kama anayemwona mara ya kwanza, kisha akasogeza kigoda karibu. "Hebu nifundishe."

Walikaa hivyo mpaka kuku akaanza kushika chini ya sufuria. Mwishowe Adela alikohoa, akasema jambo lililokuwa likimsumbua tangu Alhamisi. Kwenye dirisha la jirani na lile alilokuwamo Kitindamimba kulikuwa na mmoja wa kijivu, mkia umekatika, siku zake saba zilishapita zamani na hakuna aliyemtaka. Bei yake ilikuwa ndogo, punje elfu moja tu. Masalo, kwa kusema kweli.

"Kwa hiyo kitindamimba apate mdogo wake?" Oliva aliuliza. "Huyo sasa tutamwitaje?"

Adela hakuhitaji kufikiri. "Nyongeza."

Jumatatu asubuhi Valence alisimama mlangoni kama desturi. Mkewe alifika kwenye kona, akarudi, akaangalia mkaa. Akaenda, akarudi, akaangalia kama kweli aliangalia. Valence akashika komeo.

"Usifunge!" Adela aliita kutoka barabarani, akirudi mbio. "Simu nimeiacha, na wote wawili hawajanywa supu."