Tulipandisha Vitenge

Maji yalipoingia jikoni kwa mama yangu hayakuja kwa kishindo. Asubuhi moja alikuta majivu yamelowa. Baada ya siku chache sufuria zilikuwa zinaelea, na vidagaa wanaogelea katikati ya mafiga. Mama alisimama mlangoni akawatazama. "Maisha yangu yote mimi ndiye niliyewafuata," aliwaambia. "Leo mumenifuata nyumbani."

Nyumba ile baba aliijenga karibu na ufuko wa Rumonge, lakini si karibu mno. Sisi watu wa Ziwa Tanganyika tulijua tabia yake: mvua zikija linapanda, kiangazi kikifika linashuka. Miaka hii lilipanda, tukangoja lishuke, likaendelea kupanda. Ukuta wa nyuma ulipoanguka tulimleta mama kwangu, mtaa wa juu. Alikuja na godoro, msahafu wake, na mlango. Aliung'oa mwenyewe kwenye bawaba, akakataa kabisa kuuachia maji.

Mimi ni fundi cherehani, ingawa watu wengi wananijua kwa sauti kuliko kwa sindano. Kikundi chetu cha akina mama kinaimba kwenye harusi, kuanzia Kizuka mpaka Nyanza-Lac. Wifi yangu anapiga ngoma, mimi natunga. Na kwetu harusi bila kijembe ni mchuzi bila chumvi. Mama mkwe mchoyo, bwana harusi mwenye maringo, shangazi mwenye maneno mengi, wote tunawaimba wakiwa wamekaa pale pale. Wengine wanacheka, wengine wananuna, pilau linaliwa.

Siku moja mkubwa mmoja wa utawala alikuja kuona ufuko. Alisimama juu ya tuta la mchanga, viatu vyake vikavu, sisi tukiwa chini na maji yakitufika vifundoni.

"Musitie watu wasiwasi," alisema. "Ziwa haijafurika. Iko inatembea tu, itarudi kwake."

Waliokuwa wamepoteza nyumba walitazama pembeni. Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu, na neno lile likawa linazunguka pamoja na gurudumu. Kabla sijamaliza kushona mkono wa gauni la mteja, ubeti ulikuwa umetimia:

Ziwa limekuja matembezi, karibu mgeni, karibu,
Limelala kitandani kwa mama, usiliamshe, taratibu,
Limekula unga na sukari, mkubwa ametoa jawabu:
Halikufurika, linatembea, kunyamaza ndiyo adabu.

Tuliuimba mara ya kwanza kwenye harusi Kigwena. Nilidhani waliofukuzwa na maji, waliolala kwenye mahema, wangeumia. Kumbe wao ndio waliocheka zaidi, mpaka mwanamke mmoja aliyebaki na watoto na jembe tu akatushika mikono akasema, "Rudieni. Rudieni pale kwenye kitanda." Watu wakarekodi kwa simu. Haukupita muda nikawa nausikia wimbo wangu sokoni, kwa wavuvi wakikunja nyavu, kwa wanaochemsha mawese. Hata watoto walipokanyaga dimbwi walisema, "Karibu mgeni!"

Ndipo mkubwa aliponiita biro, ofisini kwake. Nilikwenda na wifi.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, mukubwa."

"Ule wimbo unachafua mji. Usiimbwe tena, si harusini, si sokoni."

"Kuna neno la uongo ndani yake?" nilimuuliza.

"Sikukuita tubishane." Alitusogezea karatasi. Kulikuwa na sherehe inakuja, wageni wa kutoka Bujumbura, naye alitaka kikundi chetu kiimbe maneno aliyoyaandika yeye: Rumonge iko salama, ufuko wetu ni mzuri, viongozi wako macho. "Musiongeze hata neno moja."

Kabla sijafungua mdomo, wifi alimshukuru, "Murakoze, mukubwa. Hatutaongeza hata neno."

Njiani nilimgeukia kwa hasira. "Umekubali vile tu?"

"Nimekubali maneno," alijibu. "Miguu hakuiuliza."

Sitaki kujifanya shujaa. Niliogopa. Cherehani yangu iko barazani sokoni, na mtu mwenye cheo anaweza kuifunga kwa neno moja. Wenzetu wawili walijitoa, na hatukuwalaumu, kila mtu anajua moto wa jiko lake. Tulipokuwa tunalalamika kwamba mstari umepungua, mama yangu, ambaye hakuwahi kuimba mbele za watu isipokuwa kubembeleza wajukuu, alisema kutoka mkekani, "Mimi nitajaza nafasi. Hayo maji nayajua kuliko nyinyi."

Siku ya sherehe jua lilikuwa kali, vumbi tupu uwanjani. Tuliingia tukiimba maneno ya mkubwa, neno kwa neno, kwa sauti zetu nzuri kabisa. Ila tulikuwa tumepandisha vitenge mpaka magotini, viatu mkononi, tunanyanyua miguu polepole kama watu wanaovuka maji. Mbele alikuwa mama, sufuria kichwani, anapapasa njia kwa fimbo.

Rumonge iko salama, tukaimba, tukavuta mguu kutoka kwenye tope lisilokuwepo. Ufuko wetu ni mzuri, tukajifuta uso. Viongozi wako macho, na mama akateleza, akadaka sufuria yake.

Halafu nyuma kabisa mtu mmoja akashindwa kujizuia, na kicheko chake kikawafungulia wengine wote. Hata askari mmoja aliinamisha kofia usoni, mabega yakitikisika.

Mgeni wa heshima hakucheka. Alimwinamia mkubwa. "Mbona wanatembea hivi?" Mkubwa alikunja karatasi yake, akaikunjua. Mgeni akamwuliza mama mwenyewe.

"Baba," mama alimjibu, sufuria bado kichwani, "hivi ndivyo tunavyokwenda nyumbani kwetu."

Jioni ile wageni wale walipelekwa ufukoni. Niliwaona kwa macho yangu wakivua viatu, wakikunja suruali. Baadaye maturubai yalikuja, na baadhi ya familia zilionyeshwa mahali pa kujenga, juu kidogo. Si zote. Mama hakupata. Na sisi tulikatazwa sherehe zote za serikali, katazo ambalo halijaondolewa hadi leo. Mkubwa aliniita tena, akaniambia, "Mumeniaibisha." Nilimjibu, "Hatukuongeza hata neno." Akanionyesha mlango.

Lakini wimbo haukuomba ruhusa. Mwaka uliofuata mashua ya wafanyabiashara ilikuja kutoka upande wa Kongo, na mama mmoja aliyekuwa ananipimia kitambaa akawa anaimba kwa sauti ya chini: karibu mgeni, karibu. Alikuwa ameongeza ubeti kuhusu soko la mji wao lililomezwa. "Huu wimbo ni wa kwetu," aliniambia. Nilimwambia ni mzuri sana. Nilitembea kurudi nyumbani kichwa kimenyooka kama nimebeba mtungi.

Sasa tunajiimba wenyewe. Nimetunga wimbo juu ya miti tuliyoimaliza milimani kwa kukausha samaki na kuchemsha mawese, mpaka mvua ikinyesha mlima mzima unateremka ziwani. Juzi tuliuimba harusini Kizuka, na mjomba wa bibi harusi, mzee mwenye tanuru kubwa za mawese, aliinuka akaja moja kwa moja mbele yangu. Wifi akaacha ngoma.

"Ubeti wa tatu umenionea," alisema. "Unaniimba mimi peke yangu, na wavuvi je?"

"Basi waimbe wewe," nikampa kipaza sauti.

Akakohoa, akaanza. Sauti yake ilikuwa kama lango lenye kutu, na beti zake hazikuwa na vina, lakini wavuvi walikuwa wameshaanza kupiga kelele wakidai zamu yao, na wifi akachukua ngoma akampigia.