Suruali ya Muuza Chai

Bisheni mkitaka, lakini macho yangu hayajawahi kunidanganya. Juzi hapa soko la Custom askari alimkamata dada muuza chai kwa kuvaa suruali ya kubana. "Unaharibu utamaduni wetu," akamfokea.

Wakielekea kituoni, askari akasimama kwenye kibanda cha kujazia watu video kwenye simu. Mkono mmoja umemkaba dada, wa pili ukatoa memori kadi. "Niwekee za uchi, lakini mpya," akanong'ona.

"Afande," dada akauliza, "hao wa kwenye video wamevaa suruali gani?"

Akaburutwa, birika likabaki njiani. Kumbe suruali ya maskini ndiyo uchafu, uchi ulio mfukoni mwa serikali ni safi.

Nilichowaficha: kibanda ni changu. Na mimi, mwenye mdomo kuliko wote Custom nzima, nilimjazia afande kadi kimya, dada akinitazama.