Nguzo ya Msaji Ambayo Haikutakiwa Kukauka

Siku yangu ya kwanza kazini pale Houston, mwanzoni mwa mwaka 2017, nilipewa glavu, aproni ya mpira na kigoda, kisha nikaonyeshwa tangi la maji lenye gogo ndani yake. Gogo hilo ndilo lililokuwa kazi yangu. Nilikuwa nimetoka Dallas, nilikokaa kwa binti yangu muuguzi huku nikifungasha vitu kwenye stoo ya jumba moja la makumbusho. Kabla ya hapo nilikuwa mhifadhi wa mbao na vyuma kwetu Tanzania, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilidhani nimeshaona kila aina ya mti mkongwe. Nikalitazama lile gogo nikasema moyoni, hili hata kuni halifai.

Mkurugenzi wa maabara yetu ya kuhifadhi vitu vya kale alikuwa mama wa Kihindi, mwili mdogo, sauti kubwa. Tuliongea Kiingereza, lakini hapa nitamsemesha Kiswahili. Aliuona uso wangu.

"Bi Rehema, ingiza mkono majini. Usitazame, papasa."

Nikapapasa. Upande mmoja wa gogo vidole vyangu vikaingia kwenye mfuo, yaani mkato mrefu uliolika ukawa laini. Chini yake kulikuwa na mwingine, na chini yake tena wa tatu.

"Hizo ni kamba," alisema. "Vyombo vilifungwa hapo, vikawa vinavuta, na kamba zikaula mti. Hii ni nguzo ya gati, Bi Rehema. Watu walishuka hapo na mizigo yao zaidi ya miaka elfu iliyopita."

Tangu hapo sikuliita gogo tena.

Niwaeleze vijana jinsi nguzo ile ilivyopatikana, maana hata mimi nililazimika kujifunza uzeeni. Bandari nyingi za kale za pwani ya India hazionekani. Mito imehama, fukwe zimemeguka, na bahari imefunika penye gati na maghala. Watafiti huanza na sona, chombo kinachotuma sauti chini ya maji na kuchora sakafu ya bahari kwa mwangwi wake. Wakiona mawe yaliyojipanga kuliko kawaida, wazamiaji hushuka. Mkurugenzi alizamia pwani ya Malabari kwa miaka mingi, kwenye maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa, ambamo huoni hata mkono wako. Walitandaza kamba za miraba ili wajue walipo, wakafyonza matope kwa bomba, wakapima kila kitu kwa kupapasa. Walipata nanga za mawe zenye matundu, vigae vya mitungi, na mwishowe nguzo hii ya msaji, yaani mtiki, imesimama wima ndani ya tope.

Mwanamke yule nilimhusudu. Mimi ninaogopa hata bwawa la kuogelea.

Sasa, kulikuwa na kamati ya wataalamu huko kwao, na Mwenyekiti wake hakukubaliana naye. Alisema nguzo ile ni ya nyumba tu, iliyosombwa na mto ikakwama pale. Kama ni ya nyumba, basi hapakuwa na bandari, na mashine za kuchimba mchanga wa kujengea zingeruhusiwa kuingia eneo lile. Kama ni ya gati, eneo lote lingelindwa. Ushahidi mkubwa ulikuwa ile mifuo mitatu. Nguzo ililetwa Texas kwa kibali, itibiwe kwenye mashine yetu kubwa, kisha irudishwe kwao na kuamuliwa.

Na matibabu yenyewe si ya haraka. Mti uliokaa majini karne nyingi umeliwa ndani kwa ndani, na kinachoshikilia umbo lake ni maji hayo hayo. Ukiukausha kwa pupa unajikunja na kupasuka vipande. Kwa hiyo unaondoa chumvi kwanza kwa kubadilisha maji, kisha unaingiza polepole aina ya nta inayoyeyuka majini ili ishike nafasi ya maji. Ni mwishoni kabisa ndipo unagandisha mti na kuukausha ukiwa barafu. Kazi yangu ilikuwa moja kila siku: nguzo isikauke.

Kisha mwezi wa nane ikaja ile tufani iliyoizamisha Houston. Nilikuwa nikiishi Katy, nje kidogo ya Houston, kwa mpwa wangu, na mvua ilipozidi nikavaa mabuti niende kazini. Mpwa wangu akasimama mlangoni.

"Shangazi, huwezi ku-drive leo. Freeway yenyewe imekuwa mto. Hata ma-truck yame-stuck."

"Nina mgonjwa kazini," nikamwambia.

"Mgonjwa wako ni mti, Shangazi, na mti uko kwenye maji. Mvua itamfanya nini?"

Nilicheka kwa hasira, nikavua mabuti. Mkurugenzi alikuwa India, na kwa simu nikaambiwa umeme wa maabara umekatika na mafuriko yameingia hadi magotini. Hayo hayakunitisha sana, maana matangi yetu yalikuwa juu ya stendi za chuma. Nilichohofia ni joto tu, kwa sababu pampu ya kupoza maji ilikuwa imezimika.

Barabara zilipofunguka nilikuta malango ya maabara wazi, na jenereta inanguruma. Mwenye jengo alikuwa amekaribisha watu wa kujitolea. Hawa walikuwa Warundi wa parokia moja ya kule Fort Worth, wengi wao wakaazi wa Haltom City, mji jirani, watu waliowahi kukimbia makwao na kuishi kambini. Walikuwa wamekodi basi dogo na kuja kusaidia waliofurikiwa. Walisafisha vizuri ajabu. Houston nzima siku zile ilikuwa kazi moja: kutoa vilivyolowa, kuvianika, kuviwashia feni.

Nguzo yangu ilikuwa imelazwa juu ya meza mbili, imepanguswa maji, mbele ya feni kubwa.

Nilipiga kelele mpaka wakadhani nimeumwa na nyoka. "Zima feni! Zima!"

Kiongozi wao, mwanamume mpana mwenye rozari shingoni, aliruka akachomoa waya. Jina lake Deo.

"Mama, samahani. Tulikuta hii mti iko ndani ya maji machafu, tukasema mtu aliitupa mule wakati ya mafuriko. Tuliibeba pole pole, watu sita. Tulitaka iponee."

Kila alichosema kilikuwa cha akili. Ni sisi wa kazi hii tu tunaoweka mali yetu ya thamani ndani ya maji makusudi. Rangi ya nguzo ilikuwa imeanza kupauka, na kwenye mfuo wa tatu ufa ulikuwa umefunguka kuanzia juu hadi chini. Nililia waziwazi, wala sioni aibu kulisema. Tuliloweka mablanketi, tukaifunika, kisha nikampigia Mkurugenzi.

Alinisikiliza. "Ufa umefika wapi?"

"Umekula mfuo wa tatu wote."

Kisha akasema, "Nipe huyo bwana aliyeibeba."

Deo alipokea simu kwa mikono miwili. Niliweka spika ili nimtafsirie, na nilichosikia sitakisahau.

"Mwambie namshukuru. Watu hubeba mti kama mti. Yeye ameubeba kama kiumbe. Mwambie sasa nahitaji mahali penye baridi, haraka, na sina pa kuuliza."

Deo alijifuta macho. "Mama, mwambie mimi ninafanyaga kazi kwenye ghala ya chakula, Fort Worth. Kule umeme iko. Bosi wangu ni mtu mzuri, nitamuomba."

Bosi alikubali. Tukaipakia nguzo kwenye lori ndani ya mablanketi na maplastiki, Deo akakaa nyuma akiimwagia maji njia nzima. Tulipofika alitaka kuiingiza chumba cha nyama, chenye baridi kuliko vyote, nikamkataza. Maji yakiganda ndani ya mti kabla ya nta kuingia, yanatanuka na kuupasua. Tukaiweka chumba cha mboga, ndani ya beseni la kusafirishia samaki lililojaa maji. Nguzo ya bandari ya kale ikalala wiki kadhaa na kabichi, na Deo akaikagua kila zamu yake.

Tulipoirudisha Houston, Meneja wa maabara, mtu mwema lakini mwepesi wa kutaka amani, alitoa shauri. "Ufa tuuzibe kwa nta yenye rangi ya mti. Mti ukishakauka, ufa hautaonekana. Picha za zamani zinaonyesha mifuo mitatu. Nani ataumia?"

Mkurugenzi hata hakukaa kitini. "Picha nitazionyesha, na ufa nitauonyesha. Nitasema mfuo wa tatu hauwezi kupimwa tena, na nitasema kwa nini. Aliyezaliwa kesho akiupapasa mti huu, asikute uongo wangu ndani yake."

"Utajinyima ushindi wako mwenyewe," Meneja akasema.

"Basi nitanyimwa."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, wakali na wapole, wenye vyeti na wenye vyeo. Nilimwamkia mwanamke yule kila asubuhi kwa heshima ya kweli, ingawa kwa umri yeye ni mdogo wangu.

Nta iliingia polepole, kama inavyotakiwa. Tuliigandisha na kuikausha nguzo mwanzoni mwa 2020, ikatoka nyepesi na nzuri, mifuo miwili safi na mmoja umepasuka. Kisha ikaja korona, kila mtu akajifungia, na kamati ikakutana kwenye skrini. Mimi niliketi maabara na barakoa yangu, kazi yangu kuzungusha nguzo mbele ya kamera. Mwenyekiti alikuwa mzee mkavu. Aliisoma ripoti ya ufa kwa sauti, neno kwa neno.

"Mama," alimwambia Mkurugenzi, "mtu mwingine angeficha hili. Mimi ningeficha. Nionyesheni hiyo mifuo miwili tena, taratibu."

Nikazungusha. Akauliza maswali mengi, kisha kamati ikatoka kushauriana. Waliporudi alisema ni nguzo ya gati, na kwamba mashine za mchanga hazitaingia pale.

Nilistaafu mwaka huo huo, bila sherehe, kwa sababu ya korona. Wakiniuliza vijana kazi hii inataka nini, husema inataka subira, mikono myepesi, na mkubwa asiyedanganya. Viwili vya kwanza mnaweza kujifunza. Cha tatu mkikipata, msikiache.

Jioni ya siku ile ya uamuzi nilimpigia Deo. Aliitika kabla simu haijalia vizuri.

"Mama, ile mti imeshinda?"

"Imeshinda, Deo."

Nilimsikia akiita watoto wake. Mmoja akauliza, "What tree, Dad?" Akaanza kuwaeleza kwa Kiswahili, juu ya nchi ya India, na meli, na kamba zilizokula mti.

"Iko na alama mbili nzuri," akawaambia. "Ya tatu imepasuka. Hiyo ni baba yenu aliipasua, na wameiandika, na hawakunitukana."

Sikukata simu mpaka alipomaliza.