Siku Nilipiga Televizyo Mupya Kofi Mbele ya Wakwe

Afazali niseme mwenyewe, juu majirani wakisema wanaongezaka chumvi: njo miye, Veneranda, nkambo ya wajukuu kumi na mine, nilipiga televizyo mupya kofi mbele ya wakwe, na haya yake inanichoma masikio mpaka leo.

Nyumbani tulikuwa na televizyo ya zamani, ile ya mugongo mukubwa, marehemu mume wangu Boniface aliinunua wakati alikuwa anafanya kazi ya treni. Ilikuwa na tabia yake: picha ikianza kuruka-ruka kama ndakala kwenye wavu, unasimama, unaipiga kofi ubavuni mara mbili, si kwa hasira, kwa upendo, inatulia. Boniface aliipiga, miye niliipiga, mutoto wetu Leonard aliipiga mpaka akakomaa akaenda kutafuta kazi Lubumbashi. Sasa huyo Leonard akaona haya kwa ajili yetu, akatuma mupya, nyembamba kama sahani, ikafika ndani ya karito, na miye nikaisukuma chini ya kitanda. Miezi mitatu! Kila siku ya Mungu nikitoka misa simu inalia: "Mama, umeiwasha?" Namujibu: "Ningali nafikiria." (Na kweli nilikuwa nafikiria. Muntu hafukuzi kitu chenye kinafanya kazi, tena niliona kama nitakuwa ninamutoa Boniface nyumbani mara ya pili.)

Kisha ikaingia habari ya Godelive. Huyo ni mujukuu wangu, nilimulea tangu hajaota meno, na kijana mumoja mwalimu wa Kirungu, kule milimani, jina lake Gervais, alimutaka. Godelive naye alimupenda mpaka chakula kilikuwa hakishuke. Familia ya Gervais ikatuma neno ya kama itashuka Kalemie kutuona. Sasa watu wa kule milimani wana jina la kuchagua sana, wanaangalia hata namna munafagia, na binti mumoja wa barabara yetu, Ernestine, walikuja kwake, wakala, wakashukuru, wakarudi na mbuzi wao wa posa. Godelive akaanza kulia mbele hawajafika hata.

"Nkambo, wakiona hii sanduku watafikiri hata miye nimetoka ndani yake!"

Moyo ukalegea. Nikavuta karito chini ya kitanda.

Leonard akanieleza kwa simu: "Mama, hiyo inafungwa ukutani na visi ine, ile misumari ya kuzungusha." Miye nitoboe ukuta wa Boniface? Nikasema itasimama tu kwenye ka-meza ka ile ya zamani, ni siku moja tu. (Hiyo "siku moja tu" njo iliniua.) Ya zamani tukaibeba watu watatu mpaka jikoni, nikaifunika na kitenge ili isione.

Sasa mujue namna heshima ya wakwe iko kwetu. Binti anafichwa chumba cha ndani mpaka maneno yaishe. Na miye mulezi wake, sisemi nao hata neno moja mpaka walete zawadi ya kunifungua kinywa, na kumugusa mukwe mwanaume, hata kwa kidole, ni mwiko. Mwenye kusema ni shemeji yangu Remi, muntu wa mizaha, miye nakaa kwenye kiti kimya kama sanamu.

Wakafika watu sita na mbuzi wao, Gervais naye ndani yao. Mukubwa wao alikuwa Papa Athanase, baba mukubwa wa Gervais, muzee mwenye kofia na miwani, hacheki, amekaa karibu kabisa na televizyo juu masikio yake yamechoka. Remi akawaambia: "Binti mwenyewe hamutamuona leo, lakini sauti yake mutasikia." Akawasha. Ilikuwa kwaya ya parokia, walipigwa video siku ya Pasaka, na Godelive anaimba mbele peke yake. Picha inangaa! Nywele moja moja unazihesabu. Papa Athanase akavua kofia, nikasema ndani ya roho, Veneranda, umeshinda.

Saa ile ile umeme ukapunguka, munajua namna unafanyaka. Picha ikatetemeka, Godelive akasimama pale pale, kinywa wazi, jicho moja limefungwa, uso umekatika vipande viwili. Mungu wangu. Muzee akasogeza miwani, anaangalia ile sura. Nataka kusema "Papa, ngoja kidogo, hayuko vile," lakini kinywa changu hakijafunguliwa! Ninamukonyeza Remi, Remi anafikiri naomba maji, anaenda kuleta maji. Na miaka yote ile ya Boniface ikapanda kwenye mukono wangu, nikasimama, nikapiga: pa!

Sikufika kofi ya pili. Ile kitu ikazunguka kwenye vimiguu vyake, ikaanguka mbele, na Papa Athanase, kwa kujiokoa, akaidaka na mikono miwili akaikumbatia kifuani. Na muone ubaya wake: umeme ukarudi. Godelive akaendelea kuimba, kwa nguvu zote, shavu lake kwenye ndevu za muzee.

Miye niko mbele ya muzee, mikono imenyooshwa, siwezi kuichukua juu nitamugusa, siwezi kuomba musamaha juu siruhusiwe kusema. Nikienda kuume, naye anageuka kuume ili nimupokee. Nikirudi nyuma, ananifuata. Tukazunguka hivi kama watu wanacheza, waya inatufuata sisi wote wawili. Kule ndani nikasikia Godelive mwenyewe, yule wa kweli, anasema: "Nimekwisha." Akaanza kulia.

Ile sauti ilinishinda. Kinywa kikafunguka chenyewe:

"Papa Athanase, nisamehe, ni mukono wangu, si mutoto! Mutoto hana kosa!"

Mama Symphorose, dada ya muzee, akapiga mikono: "Ee! Mama amesema! Hatujamufungua kinywa, amesema! Hiyo ni kuku ya kulipa!"

Nikajua imekwisha, mbuzi atarudi milimani. Njo Remi akatokea na jagi ya maji, akamuangalia muzee na televizyo yake, akauliza taratibu:

"Papa Athanase, binti yetu unamukumbatia mbele ya watu wote. Mahari iko wapi?"

Muzee akashusha macho. Akaona Godelive kifuani pake. Mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe ni kicheko, kicheko cha muntu mwenye hajacheka tangu mavuno ya mwaka jana. "Symphorose," akasema, "acha kuku. Tukihesabu makosa, langu njo kubwa."

Wakacheka mpaka wakaegemeana. Gervais akapokea televizyo, nzima, akaiweka chini. Wakaomba orodha yetu ya mahari, Remi akasoma, akafika kwenye blanketi la nkambo. Papa Athanase akanigeukia, macho bado na machozi:

"Mama, tubadilishe hapo? Tukuletee televizyo nyingine?"

"Hapana, Papa," nikajibu (kinywa kilikwisha kufunguka, kuficha nini tena?). "Leteni blanketi. Hilo hata nikilipiga, halitaangukia muntu."

Godelive aliolewa. Ukuta wa Boniface una matundu mane sasa, naamini amenisamehe, na ile ya zamani iko chumbani kwangu, tunapigana huko wenyewe bila mashahidi. Lakini mwaka huu wanakuja wakwe wa Antoinette, mudogo wake Godelive, na nimekwisha kuapa mbele ya Remi: nitakaa juu ya mikono yangu miwili kama kuku juu ya mayai, na hata nyumba ikishika moto, muntu mwingine azime.